Kifaa kimeharibika, tangi la maji ya chumvi linayumba: ulitibu lilivyo, uhamishe viumbe au uanze upya?

Hita imekataa kuzima na maji yamefika digrii 32. Au pampu imesimama tangu usiku na samaki wote wako juu, midomo wazi, wanahema. Au kifaa cha kujazia maji kimekwama kikiwa wazi, kikamimina maji yasiyo na chumvi mpaka tangi likafurika. Chanzo ni tofauti, lakini baada ya saa ya kwanza kila mfugaji hufika kwenye njia panda ile ile: kulitibu tangi viumbe wakiwa humo humo, kuwahamishia kwenye chombo cha muda, au kubomoa kila kitu na kuanza upya. Nazilinganisha njia hizo hapa pamoja na maamuzi madogo yanayozifuata, kwa sababu nimeona samaki wengi wakifa siku ya pili na ya tatu, ajali yenyewe imeshapita, kwa sababu tu dawa iliyochaguliwa ilikuwa kali kuliko ugonjwa.

Msimamo wangu niuseme mapema: kama mawe bado yako hai, yaani bakteria wanaosafisha maji bado wanaishi kwenye mawe hayo, baki kwenye tangi.

Kabla ya kuchagua chochote

Saa ya kwanza haina mjadala. Chomoa plagi ya kifaa kibovu kabla mkono haujaingia majini, maana hita iliyopasuka inaweza kupitisha umeme kwenye maji. Kisha shughulikia oksijeni. Maji ya bahari yenye digrii 25 hushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, wakati maji yasiyo na chumvi ya joto hilo hilo hushika takriban 8.3. Yakipanda hadi digrii 32, ya bahari hubaki na karibu 6 tu, na hapo samaki anahitaji nyingi zaidi kwa kuwa mwili wake unafanya kazi kwa kasi. Pampu yoyote inayofanya kazi ielekeze juu ivuruge uso wa maji. Jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya pampu ya hewa, lifanye kazi. Kama hakuna umeme kabisa, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, tena na tena.

Ondoa wafu wote unaoweza kuwafikia. Angalia nyuma ya mawe, siyo mbele tu. Anemoni (kiumbe laini wa baharini mwenye minyiri) aliyenywea na kuanza kuyeyuka huharibu maji upesi, na jongoo bahari akifa anaweza kuachia sumu inayoua samaki.

Halafu pima: joto, chumvi, amonia (sumu inayotokana na taka za samaki na vitu vinavyooza), pH (kiwango cha asidi). Andika. Usimwage wala kuongeza kitu kabla ya kupima, labda oksijeni peke yake.

Njia ya kwanza: kulitibu tangi lilivyo

Faida yake kubwa haionekani kwa macho. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, hawaogelei huru majini. Wameshika mawe, mchanga na sponji. Ukibaki kwenye tangi unabaki na kikosi hicho chote. Ukimhamisha samaki kwenda kwenye ndoo, umemhamisha bila choo chake.

Gharama yake ni uvumilivu na maji mapya mengi ya chumvi. Hatari yake ni moja: kama sumu inaendelea kutoka ndani ya tangi lenyewe, kila unachofanya kitafutwa kesho asubuhi.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni pua. Inua jiwe moja kutoka sehemu ya chini, ambako maji hayapiti vizuri, ulitoe kabisa na ulinuse. Jiwe zima hunuka ufukwe: chumvi, mwani, unyevu. Jiwe lililokufa hunuka yai viza, na mara nyingi upande uliokuwa umelala kwenye mchanga una mabaka meusi yenye utelezi. Nusa mawe mawili au matatu ya sehemu tofauti. Moja likiwa bovu, litoe peke yake. Yote yakiwa hivyo, njia hii imefungwa.

Kipimo cha pili ni amonia kwa muda, siyo amonia ya mara moja. Nikisoma miligramu 0.25 kwa lita leo na 0.25 au pungufu kesho, sihamishi kiumbe. Nikisoma 1, nabadilisha maji mengi siku hiyo hiyo. Kama imerudi pale pale ndani ya siku moja baada ya maji mapya, basi kuna kitu kinaoza ambacho sijakiona, na hapo naanza kuandaa chombo cha muda.

Kuna mtego mmoja kwenye kipimo hicho. Pampu zikisimama, kaboni dayoksaidi hujilimbikiza na pH hushuka. Kwenye pH ya chini sehemu kubwa ya amonia huwa katika hali isiyo na madhara makubwa. Ukirudisha hewa, pH hupanda haraka, na ikipanda kutoka 7.8 hadi 8.2 ile sehemu yenye sumu huongezeka zaidi ya mara mbili bila amonia yenyewe kuongezeka hata tone. Hii haimaanishi uchelewe kurudisha hewa. Maana yake ni kwamba maji mapya yawe tayari pembeni unapoirudisha.

Njia ya pili: kuhamishia kwenye chombo cha muda

Hii ndiyo njia ambayo wengi huikimbilia kwanza, na naelewa kwa nini. Ukiona samaki uliyemlea anahema, mkono unatafuta ndoo. Lakini ndoo ya maji mapya haina bakteria, na baada ya saa chache samaki anaanza kuvuta amonia yake mwenyewe. Kumkamata pia kuna bei yake: kwenye tangi lenye mawe mengi ni lazima uyatoe, ukiyatoa unavuruga mchanga, na mchanga uliovurugwa unatoa uchafu uliokuwa umelala kimya.

Inafaa sana katika hali tatu. Kioo kinavuja. Kuna sumu ya metali au kemikali ndani ya maji. Au mawe yamekufa kama nilivyoeleza. Nje ya hizo, naiona ni kumwongezea mgonjwa safari.

Ukiichagua, tumia pipa la plastiki linalofaa kwa chakula, hita nzima, jiwe la hewa, kichujio cha sponji na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Kama ulikuwa na sponji ya akiba ndani ya tangi na haijanuka, hiyo ni mali, ihamishe. Badilisha robo hadi nusu ya maji kila siku huku ukipima.

Jambo linalosahaulika kuliko yote: chumvi na joto la chombo vilingane na tangi lilivyo sasa, siyo linavyotakiwa kuwa. Kama tangi limeshuka hadi gramu 28 kwa lita, andaa chombo cha gramu 28. Samaki huvumilia kushuka kwa chumvi vizuri zaidi kuliko kupanda kwa ghafla. Kumtoa kwenye 28 na kumtumbukiza kwenye 35 "safi" ni ajali ya pili.

Matumbawe ni habari nyingine. Yanataka mwanga na mkondo wa maji, na pipa halina vyote viwili. Yahamishe tu kama maji ya tangi yana sumu.

Njia ya tatu: kuanza upya

Sina mengi ya kuitetea, lakini ipo siku ni njia ya heshima. Mawe yote yakinuka yai viza na mchanga ukiwa mweusi, kung'ang'ania ni kuwatesa waliobaki. Hata hivyo kuanza upya hakulazimu kutupa kila kitu. Mchanga wa zamani utupe. Mawe yasugue, yaweke kwenye pipa lenye hita na pampu, gizani, ukibadilisha maji mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri na zibaki hapo. Hesabu wiki kadhaa, siyo siku. Wakati huo viumbe walionusurika wanaishi kwenye chombo cha muda, kwa hiyo njia ya tatu hubeba ndani yake shida zote za njia ya pili, tena kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana naiweka mwisho.

Njia hubadilika kulingana na kilichoharibika

*Pampu au umeme.* Karibu kila mara: baki kwenye tangi. Uangalifu mmoja tu. Kichujio cha mtungi uliofungwa kikisimama kwa saa kadhaa, bakteria walio ndani humaliza oksijeni, hufa, na maji ya mle ndani huwa sumu. Usikiwashe tu. Kifungue, umwage maji yake nje, suuza vifaa vyake kwa maji yaliyotolewa tangini, ndipo ukirudishe. Vichujio vilivyo wazi kwenye tangi la chini, lile la kuchujia lililo chini ya tangi kuu, huvumilia zaidi kwa kuwa hewa inavifikia.

*Hita iliyokwama ikiwa imewaka.* Baki kwenye tangi, poza polepole, karibu digrii moja kwa saa. Hapa kuna chaguo mbili, feni na barafu. Feni inayopuliza juu ya maji hupoza kwa mvuke: ni ya upole na inaongeza oksijeni, ila maji yanapungua na chumvi inapanda, kwa hiyo jazia maji yasiyo na chumvi, na kwenye chumba chenye unyevunyevu mwingi nguvu yake ni ndogo. Barafu kwenye chupa iliyofungwa kabisa ni ya haraka, lakini watu huikadiria kupita uwezo wake. Chupa ya lita 1 ikiyeyuka yote kwenye tangi la lita 200 hushusha takriban nusu digrii. Hilo ni jema kwetu, maana chupa mbili kwa wakati mmoja haziwezi kuleta mshtuko. Mimi huanza na feni, mfuniko wazi, taa zimezimwa, na naongeza chupa kama samaki bado wanahema.

Matumbawe yaliyopauka baada ya joto yametema mwani mdogo unaoishi ndani yake. Ukiona nyama bado imefunika mfupa, hata kama ni nyeupe kabisa, tumbawe halijafa. Usilitupe. Punguza nguvu ya taa kwa wiki kadhaa, liache lilipo, na lipe chakula kidogo kama ni aina inayokula.

*Maji yasiyo na chumvi yaliyofurika.* Baki, na upandishe chumvi gramu 1 kwa lita kwa siku, 2 zikizidi sana. Ziko namna mbili. Ya kwanza ni kujazia maji ya chumvi badala ya maji matupu kila yanapopungua kwa mvuke. Tangi la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku, ukirudisha maji ya gramu 35, chumvi inapanda karibu nusu gramu kwa lita kila siku. Kutoka 28 hadi 35 ni takriban wiki mbili. Ya pili ni kubadilisha maji kwa maji makali zaidi: toa lita 20 za gramu 28, weka lita 20 za gramu 38, tangi zima linapanda gramu 1. Kwa tangi la samaki peke yao nachagua ya kwanza, haina usumbufu. Kwa tangi lenye matumbawe, kamba na konokono nachagua ya pili, kwa sababu hao hawana uwezo wa samaki wa kurekebisha chumvi ya miili yao, na wiki mbili ni nyingi kwao.

Katika zote mbili, chumvi kavu isiingie tangini moja kwa moja. Punje zinazotua juu ya tumbawe huliunguza. Na usikimbilie kuongeza kalsiamu kwa dawa: kama chumvi imeshuka kutoka 35 hadi 28, kalsiamu iliyokuwa miligramu 420 kwa lita imeshuka hadi karibu 336 kwa sababu ile ile ya kuzimuliwa, na itapanda yenyewe pamoja na chumvi. Ukiongeza sasa utaikuta imezidi mwishoni.

*Metali.* Sumaku ya pampu iliyopasuka plastiki yake na kuota kutu, au hita iliyovunjika na kuacha waya wazi. Hii ndiyo hali ambapo nahama haraka, hasa kwa kamba, konokono na matumbawe, ambao shaba kidogo sana huwadhuru. Badilisha maji mengi, weka mkaa wa kuchujia pamoja na kichujio maalumu cha kunasa metali. Kipimo cha shaba cha nyumbani kisikutulize, kwani kimetengenezwa kupima viwango vya dawa ya samaki, siyo vile vidogo vinavyowaua kamba. Sampuli iende maabara kabla hujarudisha kiumbe asiye na uti wa mgongo.

Maji mapya: mengi mara moja au kidogo kidogo?

Hesabu kwanza. Ukibadilisha nusu ya maji mara moja, inabaki asilimia 50 ya sumu. Ukibadilisha robo mara mbili, inabaki asilimia 56. Robo mara tatu, 42. Tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani, na robo robo hukupa nafasi ya kupima katikati na kumwangalia samaki. Kwa amonia ya kawaida baada ya ajali, mimi ni mtu wa robo, hata mbili kwa siku.

Nusu au zaidi kwa mpigo naihifadhi kwa metali, kemikali iliyomwagika, au amonia iliyofika 1 na kupita. Sharti ni maji yawe yamechanganywa vizuri, yamepigwa hewa, na yanalingana na tangi kwa joto na chumvi. Maji yaliyochanganywa dakika kumi zilizopita, bado yana ukungu wa chumvi isiyoyeyuka, yasiingie hata kama una haraka.

Kemikali za kufunga amonia zina nafasi yake: zinakununulia muda usiku ule ambao maji mapya hayajawa tayari, na bakteria bado wanaweza kuila amonia iliyofungwa. Lakini zikizidishwa zinaweza kula oksijeni, kitu ambacho ndicho unachokipigania, na baada ya kuzitumia baadhi ya vipimo huendelea kusoma amonia ile ile. Kati ya chupa hiyo na maji mapya, nachagua maji. Kuhusu naitraiti, usikose usingizi kwa ajili yake. Kloraidi iliyojaa kwenye maji ya bahari huizuia kuingia kwenye mashavu ya samaki kwa wingi.

Kutengeneza kifaa au kununua kingine

Pampu iliyosimama itengeneze kwanza. Fungua, toa panga la ndani, loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, sugua ukoko mweupe wa chokaa, angalia kama sumaku ina ufa au kutu. Haina? Irudishe kazini. Ina? Itupe, bila kujali inavyozunguka vizuri.

Hita haitengenezwi. Ukiivunja ile iliyokwama utaona kwa nini: ndani ya thamostati (swichi inayowasha na kuzima kulingana na joto) kuna vidole viwili vya metali vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara, na kila mara cheche ndogo huruka kati yao. Siku moja cheche huviunganisha kama kulehemu, haviachani tena, na hita inawaka mpaka mtu achomoe plagi. Iliyofanya hivyo mara moja haiaminiki.

Badala yake, kati ya hita moja ya wati 200 na mbili za wati 100, chukua mbili. Wati 200 kwenye lita 200 zinaweza kupandisha karibu digrii moja kila saa na kitu, tukiacha joto linalopotea. Usiku mmoja unatosha kuua. Wati 100 zikikwama zinachukua zaidi ya muda mara mbili, na joto linalopotea chumbani huzipunguza nguvu zaidi. Ikifa badala ya kukwama, mwenzake anashikilia. Ukiweza, ongeza kidhibiti joto cha nje: kiweke 26, thamostati za hita zenyewe ziweke 27, ili kimoja kikikwama kingine kikate.

Kwa umeme wa akiba, linganisha kazi kabla ya kulinganisha mashine. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Pampu ya hewa ya wati 5 inaweza kuendeshwa nayo saa kumi na zaidi. Hita ya wati 200 inaimaliza kwa dakika 25. Kwa hiyo betri ni ya hewa, na jenereta ni ya joto; usinunue betri kubwa ukitumaini itabeba hita. Kama ni lazima uchague kimoja tu, pampu ndogo ya hewa inayojiwasha umeme unapokatika ndiyo ya kwanza. Samaki huvumilia maji yaliyopoa polepole kuliko maji yasiyo na hewa.

Ukishafunga vyote, vijaribu mchana ukiwa umesimama hapo hapo. Chomoa plagi kuu. Angalia kama pampu ya betri imeingia kazini yenyewe, na kama maji yanayorudi tangi la chini yanaishia kabla ya ukingo. Subiri mpaka yatulie kabisa, kisha rudisha umeme na uhakikishe kila pampu imeanza kuzunguka bila kusukumwa.